Taa za Krismasi: Kagua waya kabla ya kuwasha

DESEMBA inapowadia, taa za rangi huanza kumetameta madirishani, barazani na juu ya matawi ya saipresi ambayo familia nyingi nchini hutumia kama mti wa Krismasi. Aghalabu taa hizo hukaa kabatini miezi kumi na mmoja, kisha huchomekwa ukutani bila kukaguliwa.

Waya wake ni mwembamba. Yafaa ukunjuliwe sakafuni na kukaguliwa kuanzia plagi hadi balbu ya mwisho kabla ya kutundikwa. Ukiwa umetafunwa na panya au umechubuka hadi shaba kuonekana, utupwe. Taa nyingi zinazotumwa na jamaa walio Marekani hutengenezewa volti 120, ilhali umeme wa majumbani Kenya ni volti 240. Zikichomekwa hapa bila transfoma, huungua.

Taa za bei nafuu huja na plagi ya pini mbili, na wengi huilazimisha kuingia katika soketi ya matundu matatu kwa kusukuma kalamu kwenye tundu la juu. Plagi hiyo hulegea, hutoa cheche na haina fyuzi. Ni heri kutumia adapta yenye fyuzi ya ampea 3, inayotosha wati 720. Fyuzi ya ampea 13 hupitisha zaidi ya wati 3,000, na waya wa taa waweza kuyeyuka kabla haijakatika.

Hatari kubwa zaidi i nje ya nyumba. Wengi hufunga taa kwenye vyuma vya madirisha, lango au ukingo wa paa la mabati. Ukali wa bati ukikata mpira wa waya, paa zima laweza kuwa na umeme, na atakayegusa bomba la maji ya mvua lililoshikamana nalo hatajua kilichompata. Desemba mvua za vuli huwa hazijaisha katika sehemu nyingi. Kwa hivyo, nje zitundikwe tu taa zilizoandikwa kuwa ni za nje, tena kwa kulabu za plastiki, wala si misumari.

Taa zikizimika ghafla, jambo la kwanza ni kuchomoa plagi. Kuzima swichi ya waya wenyewe hakutoshi. Katika taa za kizamani, balbu hupokezana umeme kwa mfuatano: balbu 20 za volti 12 kila moja hufanya volti 240. Moja ikikatika, zote huweza kuzimika, na tundu la balbu iliyong'olewa hubeba volti zote 240. Mtoto akilitia kidole, ni kifo.

Balbu mpya iwe ya volti zile zile. Wapo wanaong'oa balbu mbovu na kuunganisha nyaya kwa kuzisokota. Zikitolewa tano, 15 zilizosalia hupokea volti 16 kila moja, hupata joto kupita kiasi na kuungua moja baada ya nyingine, huku matawi yaliyokauka yakiwa karibu.

Taa za LED zenye transfoma ya volti ndogo hazina joto jingi, nazo zafaa zaidi nyumba yenye watoto, mradi transfoma yenyewe ibaki ndani, mbali na maji.