Palestrina ana karatasi, Siti ana santuri, sisi wa Gwata tuna nini?

Najua nimepotea kama wiki 3 hivi, si mnajua tena mambo ya testi, semina na foleni ya kutoa fotokopi. Nimerudi, na leo naleta historia. Msikimbie jamani, haina mtihani.

Mwenzangu wa chumbani anaimba kwaya ya Wakatoliki hapa chuo. Akisoma usiku anafungulia misa moja ya zamani sana: watu wanaimba bila kinanda, bila ngoma, bila hata kupiga makofi. Sauti 6 tu. Moja inaanza, nyingine inaidaka, ya tatu inapita chini, na hakuna anayemkanyaga mwenzake. Nikamuuliza nani kaimba, akasema ni misa ya Papa Marcello, mtunzi Palestrina. Rekodi ni ya kundi la Uingereza linaloitwa Tallis Scholars, walirekodi mwaka 1980. Sasa kaa chini usikie: misa yenyewe ilichapishwa mwaka 1567. Yaani kati ya kuchapishwa na kurekodiwa pamepita miaka 413! Mtunzi kazikwa Roma tangu 1594, hakuna aliyewahi kuisikia sauti ya waimbaji wake, na bado leo inaimbwa nota kwa nota.

Hapo ndipo kichwa kilipoanza kuniwasha. Huyu bwana kawezaje? Jibu ni fupi: karatasi. Giovanni Pierluigi da Palestrina alizaliwa karibu na Roma mnamo 1525, wakati Wazungu walikuwa tayari wanachapa nota kwa mashine. Mjini Venice, mtu mmoja anaitwa Petrucci alitoa kitabu chake cha kwanza cha nota za sauti nyingi mwaka 1501. Kwa hiyo Palestrina alipotunga, kazi yake iliingia kitabuni, kitabu kikaingia maktaba, na maktaba ikakaa. Misa zaidi ya 100, moteti zaidi ya 300, zote zipo. Anayetaka kurekodi leo anafungua tu na kuimba. Akikosea, mwingine atarekodi tena vizuri zaidi.

Halafu kuna jambo nimelipenda kwa huyu mzee. Hakuwa wa kanisani peke yake. Alitunga pia madrigali zaidi ya 100, yaani nyimbo za dunia, na nyingi ni za mapenzi. Mwaka 1584 alipomtolea Papa Gregori wa 13 kitabu cha nyimbo za dini, aliandika mwanzoni kwamba anaona haya kwa zile za mapenzi alizotunga zamani. Sawa mzee, tumekusikia. Lakini mwaka 1586 akatoa kitabu kingine cha madrigali za dunia! Koo ni moja jamani, haligawanyiki.

Na hili sisi wa Pwani hatuhitaji kufundishwa na Roma. Kwetu Gwata mtu aliyeshika kasida kwenye maulidi usiku wa leo, wiki ijayo unamkuta kwenye ngoma ya mwali anaongoza kibwagizo, na hakuna anayeshangaa. Ukishuka upande wa Kisarawe kuna na la tatu. Wamisionari wa Kijerumani walifika Kisarawe na Maneromango miaka ya 1890, wakaja na tenzi za Kilutheri. Martin Luther mwenyewe alikuwa mtunzi, alifariki 1546 Palestrina akiwa kijana. Kwa hiyo nyimbo za zama zile zile zina zaidi ya karne zinaimbwa na Wazaramo, kwa Kiswahili, na wala hatuzihesabu kuwa za kigeni.

Haya, turudi kwenye hoja. Zama hizo za Palestrina sisi tulikuwa tunaimba nini? Kuimba tulikuwa tunaimba, ushahidi upo. Vasco da Gama alipofika Malindi, Aprili 1498, mtu mmoja wa msafara wake aliandika kwamba mfalme wa pale alikuwa na wapiga muziki, na pembe 2 za ndovu zilizochongwa, ndefu kama kimo cha mtu, zinapulizwa kwenye tundu la ubavuni. Hiyo ni siwa bila shaka. Lakini ameandika umbo la pembe tu. Siwa imebaki, sauti ya siku ile imepotea. Tungo za Waswahili tuliziandika sana kwa herufi za Kiarabu, maneno yapo. Namna zilivyoimbwa, pumzi inakatwa wapi, kibwagizo kinaingiaje, hayo yalikaa kifuani mwa watu, na kifua kinazikwa na mwenyewe.

Mpaka ikaja mashine ya kunasa sauti. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita kusini, Lindi, Masasi na Newala, akiwa na fonografu ya mitungi ya nta, akanasa nyimbo za watu wa huko. Zile zilikwenda Ujerumani. Lakini mtu wetu wa kwanza aliyetoka yeye mwenyewe kwenda kuiweka sauti yake kwenye santuri ikauzwa mpaka ikawa gumzo la pwani nzima ni mwanamke: Siti binti Saad.

Wengi tunamjua kwa jina tu, kwa sababu ya kitabu cha Shaaban Robert, Wasifu wa Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880, baba Mnyamwezi na mama Mzigua, akaitwa Mtumwa. Kazi yake ilikuwa kuuza vyungu, anavitembeza mjini huku ananadi kwa sauti. Mwaka 1911 akahamia mjini moja kwa moja. Huko akafundishwa kuimba na bwana Muhsin Ali, na akajifunza kusoma Kurani kwa sauti. Hili la Kurani msilipite haraka. Wakati ule taarab ya wakubwa iliimbwa kwa Kiarabu, na mwanamke wa shamba asiye na ukoo mkubwa asingesikilizwa kirahisi. Kusoma vizuri kulimpa heshima, pumzi na matamshi. Halafu sauti ile ile akaigeuzia Kiswahili na mambo ya mtaani.

Machi 1928 Siti na wenzake walipanda meli kwenda Bombay, India, kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Katika kundi walikuwemo Subeti bin Ambar, Buda bin Swedi, Mbaruku Talsam na Maalim Shaaban Umbaye. Fikiria hiyo safari: bahari nzima kwa ajili ya kuimbia kipaza sauti! Na santuri za wakati ule upande mmoja ni kama dakika 3 na kidogo tu. Watu waliozoea kuimba hadi alfajiri, beti baada ya beti, wakalazimika kuukata wimbo ukae kwenye sahani ya kuvunjika. Maana santuri zile zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu, ukiiangusha umekwisha.

Zikanunuliwa kweli kweli. Hadi 1931 zilikuwa zimeuzwa zaidi ya 70,000 za kundi hilo. Hata asiyejua kusoma aliweza kumsikia Siti kwenye gramafoni ya mkahawa. Na hakuimba mahaba tu. Wimbo wake wa Kijiti unahusu kesi ya kweli: mwanamke kauawa, mtuhumiwa katorokea huku kwetu bara, Dar es Salaam, na walioadhibiwa ni wanawake waliokwenda kutoa ushahidi. Mwanahistoria akitaka kujua watu wa kawaida waliionaje mahakama ya mkoloni, faili la serikali halimtoshi. Asikilize santuri.

Sasa ndiyo nafika kwenye ninachotaka kusema, na naomba mnipinge kama mnaweza. Rekodi ya Palestrina na rekodi ya Siti ni vitu viwili tofauti kabisa, ingawa zote unazisikia kwa spika moja. Ile ya Palestrina ni nakala. Ikipotea yote duniani leo, kesho watu wanafungua kitabu wanarekodi tena. Ile ya Siti ndiyo kitabu chenyewe! Maneno ya wimbo unaweza kuyakuta kwenye daftari, lakini jinsi alivyoyavuta na mahali alipomwachia udi ajibu, hayapo popote ila kwenye ile sahani. Siti alifariki Julai 8, 1950. Santuri ikivunjika na hakuna nyingine, amefariki mara ya pili.

Mtu atasema mbona zimehifadhiwa. Ni kweli, baadhi. Mwaka 2007 kampuni ya Topic ya Uingereza ilitoa CD ya muziki wa Waswahili wa Tanzania na Kenya wa miaka ya 1920 hadi 1950, inaitwa Poetry and Languid Charm. Mwaka ule ule aliofariki Siti, 1950, Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akirekodi nyimbo za makabila, na kazi zake zipo kwenye maktaba ya muziki ya ILAM, Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Nawashukuru wote. Lakini angalia ramani: Berlin, London, Afrika Kusini. Mtoto wa Gwata anayetaka kusikia babu zake waliimbaje, aanze na nauli ya wapi?

Tuje karibu zaidi. Muhidin Gurumo alizaliwa kijiji cha Masaki, Kisarawe, mwaka 1940. Jirani kabisa. Alikuwa mmoja wa waanzilishi wa NUTA Jazz mwaka 1964, na mwaka 1978 akaenda Mlimani Park. Bendi hizo zinaitwa Msondo na Sikinde, na vijana wengi wanadhani ni majina ya kubuni tu. Si ya kubuni! Msondo na sikinde ni ngoma za Wazaramo. Ile kauli ya "ngoma ya ukae" maana yake ngoma ya nyumbani. Mzee alichukua jina la ngoma ya kwao akalipandisha kwenye jukwaa lenye magitaa na tarumbeta, nchi nzima ikacheza.

Nyimbo hizo zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, kwa sababu miaka ile studio nyingine ya maana ilikuwa adimu. Tepu zikabaki redioni, sauti ikaenda nchi nzima, mwanamuziki akabaki na malipo madogo. Gurumo alistaafu mwaka 2013 baada ya miaka 53 ya muziki, hana hata gari. Ni Diamond Platnumz, kijana wa kizazi kipya, aliyempa gari mwaka huo huo. Tarehe 13 Aprili 2014 mzee akafariki, akazikwa kwao Masaki. Katika habari hii mimi naona mambo mawili. Moja, bila zile tepu za redio leo tusingekuwa na kitu, kwa hiyo waliorekodi walifanya kazi kubwa. Pili, kuhifadhi sauti bila kumtunza mwenye sauti ni kuweka ganda na kutupa ndizi.

Na wale ambao hawakufika redioni? Bibi yangu mmoja kule Gwata anajua kasida ambazo sijazisikia kwingine, anajua na nyimbo za kutwangia ambazo mama yangu anazijua nusu, na mimi robo. Hesabu iko wazi, mwanangu atajua sifuri. Bibi hana karatasi ya nota kama Palestrina wala santuri kama Siti. Ana kifua tu, na kikohozi kimeanza.

Najua mtasema siku hizi kila mtu ana simu, rekodi tu. Ngoja kwanza. Nyimbo za unyago zina wenyewe na zina mahali pake. Nyingine si za masikio ya wanaume, na mwali mwenyewe anafundishwa kutozitoa nje. Nilipomuuliza bibi, alinijibu, "Mjukuu wangu, hizo za maulidi na za kinu chukua. Zile nyingine niachie, nina wajukuu wa kike." Nimelikubali. Bi Kidude wa Unguja naye aliimba taarab na unyago, dunia ikamzawadia, mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, lakini ni yeye mwenyewe aliyeamua kipi kitoke mbele za watu. Uamuzi ni wa mwenye koo.

Kwa hiyo wadau, likizo inakuja. Ukifika kwenu, iwe Gwata, Maneromango, Kilwa au Sumbawanga, kaa na mzee mmoja. Muombe ruhusa. Rekodi wimbo mzima, usikate kwa ajili ya kurusha kwenye grupu. Mwishoni muulize ataje jina lake, alifundishwa na nani na wimbo unaimbwa lini, maana sauti isiyo na jina baada ya miaka 50 ni kelele nzuri tu. Weka nakala 2, moja usiishike. Na usiondoke mikono mitupu, mpelekee hata sukari kilo 2.

Mimi nimeshanunua kadi ya kumbukumbu, nauli ya Mlandizi naitafuta. Tuko pamoja.