Asubuhi Uko Fiti, Jioni Umenuna: Mbona Mudi Zako Hubadilika, na Ufanye Nini

Umeamka poa, umepiga mahamri kwa mbaazi, dunia iko sawa. Saa nane mchana mtu anakuuliza swali la kawaida tu na unataka kumrukia. Hakuna aliyekukosea. Hata we mwenyewe hujui shida ni gani. Tulia, hujarogwa. Hizo ni mudi, na kila msee ako nazo.

Kwanza, skiza vile tunaongea. Kwa Kiswahili husemi "mimi ni hasira". Unasema una hasira, umeshikwa na hasira, umeingiwa na huzuni. Yaani kitu kimekuja, kimekushika, na kitakuachilia. Hisia ni mgeni, sio jina lako.

Mbona zinabadilika?

Kama umekulia Malindi, bahari unaijua. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, kuna bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu. Mvuvi hagombani na maji kupwa. Anajua saa zake na anapanga kazi. Mudi pia ziko na sababu zake:

*Usingizi na njaa.* Ukilala saa nne halafu ushinde na chai kavu, usishangae kila mtu akikukera.

*Homoni.* Siku chache kabla ya hedhi, homoni za estrojeni na projesteroni hushuka, na wengi huskia vibaya. Mama aliyejifungua pia anaweza kulia ovyo siku za kwanza. Ikipita wiki mbili bado analia, apelekwe hospitali.

*Muguka na miraa.* Ndani kuna kathinoni. Inakupandisha, unaongea kama redio, halafu ikishuka unabaki macho kavu na hasira za bure. Mei 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi zilipiga muguka marufuku, maneno yakafika kortini. Lakini ile kushuka haingoji uamuzi wa jaji.

*Pesa.* Kusi ikianza mwezi wa Aprili, mvua inapiga, Mto Sabaki unamwaga matope, bahari inakuwa ya kahawia na watalii wanapotea. Wa boti, wa tuktuk, wa vinyago, wote mifuko imekauka. Ukiwa mkali kila siku mwezi wa Mei, pengine si tabia yako. Ni kodi ya nyumba.

Mimi niliacha chuo juu ya karo, nikarudi nyumbani msimu huo huo. Siku moja nikamfokea mama kisa chai haina sukari. Aliniangalia tu, akasema, "Mwanangu, hiyo si ya chai." Na kweli haikuwa ya chai. Ilikuwa aibu, na miezi yote nilikuwa naiita hasira.

Sasa ufanye nini?

*Ipe jina kamili.* "Niko na stresi" haitoshi. Ni wivu? Upweke? Fadhaa? Ni kinyongo cha mwaka jana? Mwaka 2007, Matthew Lieberman na wenzake wa chuo kikuu cha UCLA, Marekani, walipima ubongo wa watu waliokuwa wakitaja hisia wanazoona kwenye picha za nyuso. Wakitaja jina la hisia, amigdala, ile sehemu ya ubongo inayopiga kengele ya hatari, ilipoa.

*Usiamue mambo wakati wa bamvua.* Usiachane na mtu, usiache kazi, usitume ile meseji ndefu. Lala kwanza. Kesho ikiwa bado ni kweli, utaituma.

*Kubali hisia, sio kila amri yake.* Hasira ikija, iache ikae, usijifanye haipo. Lakini kuskia hasira na kurusha ngumi ni vitu viwili. Ngumi ni uamuzi wako.

*Ambia mtu mmoja.* Wanaume, hii ni yenu. Kukaa barazani mkicheka hadi saa sita usiku bila mtu kusema ukweli si kuongea.

Na kama si mudi tu?

Maji yakipwa hurudi. Huzuni ikikaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, huna hamu ya kitu, hulali au unalala tu, hiyo inaweza kuwa ugonjwa wa sonona, na una matibabu. Pia angalia upande ule mwingine: siku kadhaa hulali na huchoki, unamwaga pesa, unajiona huwezi kushindwa. Nenda hospitali, sema hivyo hivyo vile unaskia.

Ukianza kufikiria kujiua, usingoje hizo wiki mbili. Piga 1199, laini ya Msalaba Mwekundu, ni bure. Wengi waliogopa kusema, maana kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la kufungwa hadi miaka 2. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kwa hivyo sema. Na ukiambiwa na rafiki, usimcheke na usimhubirie. Kaa naye, kisha mpeleke.

Haya, leo umeshikwa na nini? Itaje.