Waliobeba mashua mabegani

Mwezi Machi 2022 watafiti waliiona tena merikebu ya Endurance, ikiwa imelala kwenye kina cha mita 3,008 katika bahari ya Weddell, huko Antaktika. Ilizama Novemba 1915 baada ya kubanwa na barafu kwa miezi mingi. Mkuu wa msafara, Ernest Shackleton, na watu wake 27 wakabaki juu ya barafu na mashua tatu. Mwisho Shackleton na wenzake watano walivuka bahari ile kali kwa mashua moja ndogo kutafuta msaada, na Agosti 30, 1916, wale 22 waliokuwa wakiwasubiri wakaokolewa. Katika kundi hilo hakufa hata mmoja.

Niliwasimulia kisa hiki vijana fulani wa shule hapa Upanga. Kikawashika. Kisha mmoja akauliza: sisi je, hatuna cha namna hiyo?

Siku chache tu baada ya uokozi ule, Septemba 1916, Waingereza waliingia Dar es Salaam. Kutoka Upanga hadi Kariakoo ni mwendo mfupi wa miguu, na jina la Kariakoo lenyewe limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika vita ile. Watu wa Shackleton tunawajua wote 28, kwa majina na kwa picha. Wapagazi walioachia soko jina wengi wao hatuwajui. Lakini wako wapagazi wa zamani zaidi ambao majina yao yapo.

Novemba 17, 1874, Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo na wazungu watatu, na watu zaidi ya 200, wengi wao Waungwana wa Unguja. Walibeba mashua iliyoitwa Lady Alice, imekatwa vipande, kila kipande mabegani mwa watu. Waliizungusha Ziwa Victoria, wakaizungusha Ziwa Tanganyika, kisha wakaishusha mto Kongo. Sitaki kuupamba msafara ule. Ulipigana na wenyeji na kuua wengi, na miaka miwili baadaye Stanley alirudi Kongo kumfanyia kazi mfalme Leopold wa Ubelgiji. Hayo yanajulikana. Mimi nazungumzia waliobeba.

Nahodha wa mashua aliitwa Uledi. Stanley mwenyewe aliandika kwamba Uledi aliwaokoa watu 13 wasife maji. Lakini maporomoko ya Kongo hayakuwa na huruma: Machi 1877 yalimchukua kijana Kalulu, na Juni yakamchukua Frank Pocock, mzungu wa mwisho aliyebaki pamoja na Stanley.

Mwisho wa Julai waliiacha mashua juu ya miamba ya Isangila wakaenda kwa miguu. Wenyeji wa huko walikuwa wamezoea biashara ya pwani na walitaka pombe ya Kizungu. Shanga na nguo za msafara hawakuzithamini, na bila hizo chakula hakinunuliki. Karibu watu 40 walikuwa wagonjwa wa kuhara damu, vidonda na kiseyeye, ugonjwa uleule waliouogopa mabaharia wa nchi za barafu.

Agosti 4, wakiwa kijiji cha Nsanda, Stanley aliandika barua kwa mzungu yeyote wa Boma ajuaye Kiingereza, akisema ana watu 115, wanaume, wanawake na watoto, wanaokufa njaa. Lakini barua haina miguu. Wa kwanza kujitolea kuipeleka alikuwa Uledi. Wakafuatana naye Kacheche, Muini Pembe na Robert Feruzi, aliyesoma shule ya misheni Unguja na kujua Kiingereza. Viongozi wa njia waliwatoroka katikati ya safari, nao wakaendelea peke yao wakiufuata mto, matumbo matupu. Agosti 6 chakula kilifika: mchele, samaki, tumbaku. Kijana Murabo wa mashua akaanzisha wimbo, na kambi yote ikaitikia.

Shackleton alipata sifa ya mkuu aliyekwenda mwenyewe kutafuta msaada. Kwa Stanley, walioenda ni hao wanne, na sifa ikabaki kwa mwandishi wa barua. Hata hivyo, tumtendee haki: mwisho wa kitabu chake aliorodhesha waliokufa, kwa majina.

Orodha hiyo haisemi yote. Safeni, mmoja wa wazee wa mashua, aliposikia Isangila kwamba bahari imekaribia, akili ilimruka kwa furaha. Aliingia msituni akiwa na kasuku begani. Wenzake walimtafuta, hawakumwona tena.

Waliosalia walifika Unguja Novemba 26, 1877, kwa meli ya Waingereza iliyopitia Rasi ya Tumaini Jema. Miongoni mwao alikuwa Muscati, mke wa Safeni, akiwa mahututi. Baba yake alimpokea, akamkumbatia. Asubuhi iliyofuata alifia mikononi mwake.