Remmy Ongala: mtoto wa Kindu aliyeimba mambo ya Dar es Salaam



Jumamosi iliyopita hapa Gihosha hatukufanya mazoezi. Tulibishana tu. Mwenzetu mmoja alileta wimbo mpya juu ya foleni ya maji: mabido yamepangwa tangu saa kumi za usiku, wenyeji na wakimbizi pamoja, halafu mwenye nguvu anakuja saa moja na kupita mbele. Wimbo ni mzuri, hilo sote tulikubali. Lakini nusu yetu walisema hapana, tusiuimbe mbele ya watu wa kartiye. Sisi ni wageni, na mgeni hahesabu nyama kwenye sahani ya mwenyeji. Nusu nyingine wakauliza: kwani maji tunayochota sisi ni mengine?

Tulipochoka, dada mmoja akataja jina la Remmy Ongala. Wengi wetu tulimjua kwa sauti tu, kutoka redio za wazazi wetu. Wiki hii tumesoma juu yake, tumewauliza na wazee. Tunawaandikia kwa sababu ubishi wetu yeye aliuishi zamani.

Remmy alizaliwa mwaka 1947 mjini Kindu, Maniema, kando ya mto Lualaba. Jina lake ni Ramazani Mtoro Ongala. Yaani ni mtu wa kwetu kabisa, wa mashariki ya Kongo. Baba yake alikuwa mwanamuziki wa ngoma za asili. Inasimuliwa kwamba mtoto alizaliwa na meno mawili ya mbele tayari, na kwa watu wa kwao hiyo ilikuwa dalili ya mganga. Ndiyo maana alifuga nywele, na ndiyo maana baadaye Dar es Salaam nzima ilimwita Dokta. Baba alifariki Remmy akiwa bado mtoto, mama naye akafariki yeye akiwa kijana. Akabaki na muziki. Akaanza kutembea na bendi, leo mji huu, kesho mji ule, ndani ya Kongo kisha nje yake. Bendi mojawapo iliitwa Grand Mickey Jazz.

Hapa wadogo zetu watauliza: jazz? Mbona hakuna tarumbeta ya Louis Armstrong hapo? Ni kweli. Jazz ilizaliwa New Orleans, Marekani, kwa wajukuu wa watu waliochukuliwa utumwani. Lakini jina hilo lilisafiri kuliko muziki wenyewe. Dar es Salaam Jazz Band ilianza mwaka 1932. Morogoro Jazz ilianza mwaka 1944. Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, Joseph Kabasele aliunda African Jazz mwaka 1953, na mwaka 1956 ikaja OK Jazz ya Franco na wenzake. Muziki wao ulikuwa rumba na dansi, wenye harufu ya Cuba na ngoma za nyumbani. Neno jazz lilikuwa kama kusema: sisi ni watu wa mjini, tuna magitaa, tunakwenda na wakati. Remmy alikulia ndani ya jina hilo.

Mwaka 1978 alifika Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy, bendi ya mjomba wake Mzee Makassy. Tuseme ukweli: hakuwa mkimbizi wa karatasi kama sisi. Alikwenda kutafuta kazi. Na hakuwa peke yake, maana wanamuziki wengi wa Kongo walikuwa wamekwisha kuhamia pale, kama wale wa Orchestra Maquis waliotoka Katanga. Lakini maisha ya mgeni aliyaonja.

Jambo moja lilitugusa sana. Wakati ule wanamuziki wengi wa Dar hawakuwa na vyombo vyao. Gitaa, spika, ngoma, vyote vilikuwa vya tajiri fulani au vya taasisi. NUTA Jazz, kwa mfano, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Ukikosana naye unatoka mikono mitupu, hata kama watu wamelipa kiingilio kukusikiliza wewe. Sisi hilo tunalielewa bila kufafanuliwa. Tulikuwa na kinanda na ngoma, vya mradi mmoja. Mradi ulipoisha, vyombo viliondoka pamoja nao. Ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa, hatuwalaumu. Tunasema tu ilivyokuwa: siku ile tuliona kumbe hata bendi haikuwa yetu.

Makassy walipohamia Nairobi, Remmy alibaki Dar. Akaingia Orchestra Matimila, bendi iliyobeba jina la kijiji cha kusini mwa Tanzania, upande wa Songea. Baadaye chini yake ikajulikana kama Super Matimila.

Basi mtu asiye na vyombo alikuwa na nini? Alikuwa na lugha. Karne ya 19 Kiswahili kilitoka pwani na misafara ya biashara, kikapita Tabora na Ujiji, kikavuka Tanganyika, ziwa hili hili tunaloliona kutoka mlimani hapa Gihosha, kikafika Maniema na kukaa. Remmy alikirudisha pwani kikiwa na lafudhi ya Kindu. Bendi nyingi za Wakongo zilipendwa kwa Kilingala na magitaa. Yeye alichagua maneno, tena maneno ambayo mama muuza samaki anayaelewa mara moja. Aliimba juu ya kifo, juu ya mnyonge asiye na haki, juu ya anayelilia mtoto. Mtindo wake aliuita ubongo, kwa sababu alitaka watu wacheze na kufikiri. Hata sura yake aliifanyia mzaha, akajiita Sura Mbaya kabla wengine hawajamwita.

Kaseti yake moja ilibebwa na rafiki hadi Uingereza, ikafika kwa watu wa tamasha la WOMAD. Mwaka 1988 Super Matimila wakaalikwa kupiga Ulaya. Mwaka 1989 ikatoka albamu Songs for the Poor Man, yaani nyimbo za maskini, kwa lebo ya Real World ya Peter Gabriel. Mwaka 1992 ikafuata Mambo. Angeweza kuhamia huko na kuimba mambo ya huko. Alirudi Dar.

Na alirudi kusema. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukimwi ulikuwa unaua watu, na wengi walinong'ona tu. Remmy akatoa Mambo kwa Soksi. Soksi ni kondomu, kila mtu alielewa. Redio ya taifa haikuupiga. Wapo waliouona wimbo wa aibu. Sasa fikirieni: mtu aliyezaliwa Kindu anawaambia wenyeji mambo ya chumbani kwao! Wangeweza kumwambia, rudi kwenu. Lakini wimbo ulienea kwenye kaseti na kumbi za dansi, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa la kweli na waliokuwa wanazikwa walikuwa majirani. Yeye mwenyewe aliishi palepale.

Tumelizungumza hili kwa muda mrefu. Baadhi yetu wanaona Remmy aliweza kwa sababu alikuwa na jina tayari. Inawezekana. Lakini jina lenyewe lilitoka wapi? Hakuanza kwa kuwafundisha watu. Alianza kwa kulia nao. Wimbo wake wa mapema pale Makassy, Siku ya Kufa, ulikuwa wa kumlilia rafiki aliyefariki. Watu walimsikia akiwa msibani kwanza. Alipofika kwenye soksi, walikuwa wanajua ni sauti ya nani.

Baadaye alikuwa Mtanzania. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alipata kiharusi, akaendelea kuimba, safari hii nyimbo za injili. Alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010. Pale Sinza kuna sehemu inaitwa kwa Remmy. Abiria anamwambia konda, nishushe kwa Remmy, na pengine hajui kwamba Remmy alitoka ng'ambo ya ziwa.

Wazee wanasema, mgeni njoo mwenyeji apone. Sisi tulikuwa tunashika nusu ya kwanza tu: mgeni njoo. Ile ya pili inamtaka mgeni awe na kitu cha kutoa.

Kwa hiyo tumekubaliana hivi. Wimbo wa maji tutauimba, lakini si sasa. Kwanza tutakwenda kwenye ile foleni na kuwauliza mama wa Kirundi tunaosimama nao kama maneno ni ya kweli. Beti mbili zitakuwa za Kirundi, na wao ndio watakaozisahihisha. Wakisema ni uongo, tutaufuta. Wakicheka na kuongeza ubeti, basi hautakuwa wimbo wa wageni tena.

Gitaa tunalo moja, la kuazima, na nyuzi tano. Mwenye uzi wa sita aje nao Jumamosi saa tisa.