Magari ya Safari Rally: Kwa nini wazee wetu hawayasahau

Kaa na mzee aliyekuwa fundi, dereva au msikilizaji wa redio miaka ya 1960 na 1970. Mtajie Datsun 240Z, Ford Escort, Porsche 911 au Pijo 404. Hapo hamtaachana mapema. Atakueleza gari lipi liliunguruma vipi, lipi lilizama kwenye matope na lipi liliwaacha wenzake.

Vijana wengi wanadhani Safari Rally ni mashindano ya Kenya tangu mwanzo. Sivyo. Kwa miaka 20 yalikuwa ya Afrika Mashariki nzima, na mwaka 1972 yalianzia Dar es Salaam. Katika makala hii tunaeleza yalivyokuwa, magari yaliyopendwa zaidi, na la kufanya ikiwa una gari la zamani nyumbani.

Yalianzaje?

Mashindano ya kwanza yalifanyika mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza. Njia ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 yakaanza kuitwa mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki.

Hayakufanyika uwanjani. Magari yalipita kwenye barabara zile zile za mabasi, malori na ng'ombe, karibu kilomita 5,000, usiku na mchana. Kila gari lilipangiwa muda wa kufika kwenye kila kituo. Ukichelewa, dakika zako zinaandikwa kama adhabu. Mwenye adhabu ndogo kuliko wote ndiye mshindi.

Ugumu ulikuwa wapi?

Kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, yaani masika yenyewe. Msikilizaji wa Kiberege hahitaji kusimuliwa maana yake. Aliyesafiri kati ya Kidatu na Ifakara kabla ya lami anajua udongo wa mbuga ukilowa unavyoshika tairi hadi lisiende mbele wala nyuma. Madereva wa Safari walikutana na udongo wa namna hiyo, wakavuka mito iliyofurika, kisha kwingine wakakuta vumbi lisiloonyesha mita 10 mbele. Mara nyingi wanakijiji ndio waliolisukuma gari likatoka.

Mwaka 1963 yaliondoka magari zaidi ya 80, yakafika mwisho 7 tu. Mwaka 1968 ikawa vile vile, yakafika 7.

Magari yanayokumbukwa zaidi

Peugeot 404. Hii ndiyo Pijo ya wazee. Ilishinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1966 na 1967 iliendeshwa na Bert Shankland, Mskoti aliyeishi Tanzania, akiwa na Chris Rothwell. Halikuwa gari la mbio kwa kuzaliwa. Lilikuwa gari la familia lenye springi laini na chuma kigumu.

Volvo PV544. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya alishinda kwa gari hili akiwa na ndugu yake Jaswant. Gari lilikuwa limeshatumika kabla hajalipata. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer.

Datsun 240Z. Hili lilikuwa la mbio hasa: milango miwili, pua ndefu, injini ya silinda 6 ya lita 2.4. Lilishinda mwaka 1971 kwa mikono ya Edgar Herrmann, na mwaka 1973 kwa mikono ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mwaka huo Mehta alilingana adhabu na Harry Källström, naye pia akiwa kwenye Datsun. Ushindi ukaamuliwa kwa kuangalia nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza.

Ford Escort RS1600. Mwaka 1972, mashindano yalipoanzia Dar es Salaam, Hannu Mikkola wa Finland alishinda kwa gari hili. Alikuwa dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kushinda. Nyuma yake, nafasi ya pili, alikuwa Sobiesław Zasada wa Poland na Porsche 911.

Magari ya kifahari yalishindwaje?

Hapa ndipo penye siri ya mapenzi haya. Porsche 911 ilikuwa na mwendo na jina kubwa duniani. Ilishika nafasi ya pili mwaka 1972, 1974 na 1978, lakini katika mashindano yale ya awali haikuwahi kushinda. Lancia Stratos ya Italia ilikuwa fupi, injini ya Ferrari nyuma ya kiti cha dereva. Iliipa Lancia ubingwa wa dunia miaka mitatu mfululizo, 1974 hadi 1976. Mwaka 1975 ilikuja kwetu ikaambulia nafasi ya pili na ya tatu. Iliyoshinda ni Peugeot 504, gari ambalo watu walikuwa wakilipanda kama teksi.

Kwenye barabara zetu mwendo peke yake haukutosha. Gari lilihitaji kuinuka juu ya ardhi, shokapu zinazostahimili mashimo siku nzima, bati nene la chuma chini ya injini, na ufundi rahisi wa kutengenezwa gizani kwa spana chache. Ndiyo maana mzee anapolisifia Pijo hasifii anasa. Anakumbuka kwamba barabara yetu mbovu ndiyo iliyoyapima magari ya dunia, na mengi yakafeli.

Tanzania ilitokaje?

Mwaka 1973 Safari iliingizwa kwenye ubingwa wa dunia. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 njia ilibaki Kenya peke yake, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule ikavunjika. Safari ilitoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, ikarudi mwaka 2021 huko Naivasha.

Wapenzi wa magari ya zamani hawakukaa kimya. Mwaka 2003 walianzisha Safari ya magari ya kale, na baadhi ya miaka imeingia hadi Tanzania. Humo Porsche 911 ilipata ilichokikosa: mwaka 2011 Björn Waldegård wa Sweden alishinda nayo.

Kama una gari la zamani nyumbani

Magari ya enzi ile yanaisha. Mengi yamekatwa na kuuzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Wakati huo huo, Escort RS1600 halisi huko Ulaya inauzwa kwa makumi ya maelfu ya pauni. Hatusemi kwamba kila Pijo iliyo chini ya mwembe ni utajiri, maana nyingi ni magari ya kawaida na bei yake ni ndogo. Lakini kabla ya kumwita mnunuzi wa chuma, fanya haya:

1. Tafuta kadi ya gari na uitunze pakavu.
2. Soma namba ya chesisi na namba ya injini, uzilinganishe na kadi. Zikilingana, thamani inapanda.
3. Usitupe taa, saa za dashibodi, vioo wala nembo. Vipuri hivyo ni vigumu kupatikana.
4. Piga picha gari lote na namba zake, kisha uliza bei kwa zaidi ya mtu mmoja.

Na hata kama huna gari, una mzee. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1972 sasa amevuka 60. Muulize aliona nini, alisikia nini redioni, nani alisukuma gari gani. Mrekodi kwa simu yako na uandike jina lake na mwaka anaousimulia. Gari linaweza kununuliwa tena kutoka mbali. Simulizi ya mzee, akiondoka nayo, hainunuliki.