ACC: Vigogo wa kikapu vyuoni Marekani wapoteza makali

Ukitaja mpira wa kikapu wa vyuo vikuu Marekani, huwezi kuiruka ACC. Kundi hili la vyuo, lililoanzishwa 1953, ndilo la Duke na North Carolina, alikosoma Michael Jordan. Kati ya 2015 na 2019 timu zake zilibeba ubingwa wa taifa mara tatu: Duke, North Carolina na Virginia.

Siku hizi mambo si yale. Mwaka 2025, kati ya timu zake 18, ni 4 tu zilizoingia mashindano ya NCAA yenye timu 68. Wapinzani wao SEC? Timu 14 kati ya 16, tena rekodi. Na ubingwa ukaenda kwao, kupitia Florida.

Kwa nini imeshuka?

Makocha: Roy Williams alistaafu 2021, Mike Krzyzewski 2022, Tony Bennett 2024.

Pesa: Tangu 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa matangazo, na kuhama chuo kumekuwa rahisi. SEC na Big Ten zina mikataba minono zaidi ya televisheni.

Fungu: NCAA hugawa mapato kulingana na mechi ambazo timu za kundi zimecheza kwenye mashindano. Timu chache, mgao mdogo.

Duke bado wamo. Wakiwa na Cooper Flagg na Khaman Maluach, Msudani Kusini aliyekulia Uganda, walifika nusu fainali 2025, wakafungwa na Houston 70-67. Ila kidole kimoja hakivunji chawa.