Majaribio ya viuakuvu vya ubwiriunga wa mkorosho

Majaribio ya viuakuvu vya ubwiriunga wa mkorosho ni vipimo vya shambani vinavyolinganisha dawa za kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga. Nchini Tanzania hufanywa hasa na kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, mkoani Mtwara.

Ugonjwa

Ubwiriunga wa mkorosho husababishwa na kuvu ambayo kwa muda mrefu imeitwa Oidium anacardii. Huonekana kama unga mweupe juu ya majani machanga na maua. Spora zake hazihitaji maji ya mvua ili kuota, kwa hiyo huenea wakati wa kiangazi, mikorosho inapochanua. Maua yaliyoshambuliwa hukauka bila kuzaa korosho. Mavuno ya Tanzania, yaliyofikia tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74, yalishuka chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Ubwiriunga ulikuwa sababu mojawapo, pamoja na bei ndogo na wakulima kuhamishiwa vijijini mbali na mashamba yao.

Dawa

Dawa ya kwanza kuenea ni salfa ya unga, inayopulizwa kwa mashine alfajiri, wakati majani yana umande na upepo umetulia. Baadaye zilijaribiwa dawa za maji kama triadimenoli, heksakonazoli na penkonazoli, ambazo hupenya ndani ya mmea.

Utaratibu

Shamba hugawanywa katika vitalu, na kila dawa hupangiwa miti kwa kura katika vitalu kadhaa. Baadhi ya miti huachwa bila dawa ili iwe ya kulinganishia. Upepo huweza kupeleka salfa hadi kwenye miti hiyo na kuharibu jaribio, hivyo miti ya kingo huachwa katikati bila kupimwa. Watafiti hukadiria asilimia ya kila shada la maua iliyofunikwa na unga, kisha hupima uzito wa korosho zilizovunwa.

Umuhimu

Dawa inayoua kuvu si lazima imfae mkulima. Thamani ya mavuno yaliyookolewa hulinganishwa na gharama ya dawa, mashine na vibarua. Mkulima akichelewa kupulizia hadi maua yaungue, dawa haiyarudishi. Aidha, salfa ikitumika miaka mingi huongeza asidi ya udongo, na dawa za maji za kundi moja zikirudiwa kila msimu huweza kuzoelewa na kuvu. Kwa hiyo majaribio hurudiwa kwa misimu kadhaa kabla ya dawa kupendekezwa.